Miguu Iliyonyamaza Tlawi

Barua ya maabara ilifika na basi la asubuhi, na Inspekta Judica Mshana aliisoma akiwa amesimama, maana kiti pekee cha maana katika kituo kile kidogo cha polisi cha Tlawi kilikuwa kimejaa majalada ya wizi wa ng'ombe. Aliisoma haraka, akairudia polepole, kisha akaitupa mezani.

"Sajenti Didas!"

"Afande."

"Vidonge tulivyopeleka Arusha ni vyenyewe. Vyote thelathini na sita. Dawa ni ile ile na kipimo ni kile kile. Hakuna chaki wala unga wa muhogo. Hakuna mtu aliyebadilisha kitu."

Sajenti Didas, ambaye kwa siku kumi alikuwa amemhakikishia kila mnywa chai wa pale senta kwamba nesi ndiye mwizi, alikuna shingo. "Labda alibadilisha vile vingine, afande. Vile ambavyo mgonjwa ameshameza."

"Basi nenda kavitafute tumboni mwake."

Didas akageukia majalada ya ng'ombe.

Siku kumi zilikuwa zimepita tangu Judica atumwe kutoka wilayani kuja kuchunguza jambo ambalo hata jina lake kwenye jalada lilimtia hasira: *Kupotea kwa nguvu za miguu.* Mwenye miguu alikuwa Yoakimu Margwe, fundi redio wa hapo hapo Tlawi. Miaka minne nyuma alipanda juu ya paa la kigango kupigilia mabati, akateleza kwa umande, akaanguka chali juu ya mawe. Mgongo ukavunjika. Kwa miaka mitatu hakutikisa hata kidole cha mguu kwa kutaka kwake. Kisha Daktari Cyprian Mushi, aliyekuwa akifanya utafiti katika kituo cha mazoezi ya viungo kule Tumati, akamwandikisha pamoja na wagonjwa wengine kumi na mmoja. Vidonge asubuhi na jioni. Mara tatu kwa wiki akining'inizwa kwa mikanda kati ya vyuma viwili na kukanyagishwa hatua. Januari alisimama. Februari alipiga hatua kumi na moja, na Jumapili iliyofuata waumini waliimba mpaka Padri akasahau mahubiri. Tangu siku ile wakamwita Lazaro.

Aprili miguu ikanyamaza. Mwisho wa Mei hakuweza tena kusimama hata akishikiliwa na watu wawili. Na kwa kuwa vidonge vililetwa kila Jumatatu na Nesi Natalia Komba kwa pikipiki yake, na kwa kuwa Natalia alikuwa mtu wa Mbinga asiye na shangazi wala mjomba hapo, maneno yakapata pa kuangukia. Ameuza dawa za kweli. Amempa Lazaro wetu chaki. Jumapili iliyopita vijana walirusha mawe kwenye mlango wa chumba chake. Ndipo polisi wakamleta kituoni, akawa analala kwenye chumba cha askari wa kike. Hakufungiwa, lakini asingethubutu kutoka.

Judica alimkuta huko amekaa kitandani, amejifunga shuka la Kimasai kwa baridi.

"Vidonge vyako ni safi."

"Nilikwambia."

"Uliniambia. Lakini kuna mambo hukuniambia. Nikikuuliza ulikuwa unakwenda kwa Yoakimu lini, unasema Jumatatu. Majirani wanasema mwezi wa tatu pikipiki yako ilikuwa pale Alhamisi. Alhamisi nne mfululizo. Ulifuata nini?"

"Kazi."

"Kazi gani?"

"Ya uuguzi, afande."

Judica alivuta pumzi. "Natalia, watu wamevunja mlango wako. Wewe ndiye utakayepoteza leseni, siyo mimi. Nisaidie nikusaidie."

"Siri ya mgonjwa si yangu kuitoa. Muulize mwenyewe."

"Nimemuuliza Yoakimu mara tatu! Anasema hajui lolote."

Natalia aliangalia dirishani, ukungu ukipita kama moshi wa kuni mbichi. "Sikusema Yoakimu," akasema, na baada ya hapo hakufungua tena mdomo, hata Judica alipopiga ubao wa kitanda kwa kiganja.

*

Barabara ya Tumati ilikuwa matope, na Land Cruiser ya polisi ilikwama mara mbili, kwa hiyo Judica alifika kwa Daktari Cyprian akiwa na tope magotini na bila chembe ya subira. Daktari alikuwa mtu mwembamba mwenye miwani, mwenye furaha ya kuelezea mambo ambayo hakuna aliyemwomba ayaelezee. Alianza na panya. Alikuwa amefika kwenye paka Judica alipoinua kalamu.

"Daktari, mimi nilisoma Sanaa. Nieleze kama unavyomweleza mgonjwa."

"Sawa." Daktari alivua miwani. "Ubongo unashusha kwenye uti wa mgongo kemikali inayoitwa serotonini. Hiyo ndiyo inayoamsha mishipa ya fahamu ya chini ili iwe tayari kuitembeza miguu. Uti ukiumia, serotonini haifiki tena. Lakini vipokezi vyake, yaani mahali inapotua, bado viko hai kule chini. Vinangoja."

"Kama ng'ombe waliokosa mchungaji."

"Vizuri sana! Mchungaji hayupo, ng'ombe wapo. Dawa yangu inapiga mluzi wa mchungaji, ng'ombe wanainuka. Mazoezi ndiyo yanayowafundisha njia."

"Na ubaya wake?"

"Vipokezi vilivyongoja muda mrefu vina tabia ya kujiamsha vyenyewe. Ndiyo maana wagonjwa wangu wanakakamaa, na miguu inarusha mateke bila kuagizwa, hasa usiku. Hao ng'ombe wanaoinuka kwa mluzi ndio hao hao wanaopiga mateke. Dawa inaweza kuongeza hali hiyo kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

Daktari alitoa fomu za Yoakimu. Kila mgonjwa alijaza mwenyewe idadi ya mateke ya kila usiku. Judica aliweka kidole kwenye safu, akashuka nao. Kabla ya dawa, matano, sita. Baada ya dawa, sita, saba. Kisha, kuanzia wiki ya pili ya Aprili, sifuri. Sifuri, sifuri, sifuri, mpaka chini ya ukurasa na ukurasa uliofuata.

"Hizi sifuri uliziona?"

"Niliziona. Nilifurahi."

"Ulifurahi." Judica alifunga macho kidogo. "Daktari, hebu nisikilize. Tuseme nesi alimpa chaki. Mateke yangekoma?"

Daktari aliivuta fomu kwake. "Hapana," akasema taratibu. "Yangerudi pale yalipokuwa kabla ya dawa. Matano. Sita."

"Lakini hayakurudi pale. Yameisha kabisa, na kusimama nako kumeisha. Vimekwenda pamoja. Basi mtu huyu hajanyang'anywa dawa. Ameongezewa nyingine." Alisubiri daktari aandamane naye, lakini daktari alikuwa bado anazitazama sifuri. "Kuna dawa ya kuwaziba ng'ombe wako masikio?"

"Zipo. Za hospitali, ghali, huku hazifiki. Labda..." Akanyanyuka ghafla. "Siproheptadini! Ni dawa ya mzio, lakini inaziba vipokezi vya serotonini. Iko kila duka. Watu wanaimeza wapate hamu ya kula, wanenepe."

"Mgonjwa wako amenenepa?"

Daktari alipekua. Machi, kilo hamsini na saba. Mwisho wa Mei, sitini na mbili.

"Nilidhani ni amani ya moyo," akasema.

Judica aliandika neno hilo kwenye daftari lake, *amani ya moyo*, akalipigia mstari kwa nguvu mpaka karatasi ikatoboka.

*

Mchana ule ule alikuwa Tlawi, kwenye kibanda cha mabati ambako Yoakimu alifanyia kazi. Fundi alikuwa kwenye kiti mwendo, miguu imetulia juu ya kikanyagio, mikono myepesi ikichokonoa tumbo la redio. Mezani palikuwa na redio saba, kila moja imefungiwa kikaratasi chenye jina la mwenyewe na kijiji.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba, Yoakimu. Unakula vizuri siku hizi."

Mikono ilisita kidogo. "Tunamshukuru Mungu."

"Nioneshe dawa zote zilizomo nyumbani mwako."

Walimwonesha. Kopo la vidonge vya utafiti, panadoli, mafuta ya kuchulia. Judica aliomba ruhusa ya kupekua, akapewa, akapekua yeye ndani na Didas nje mpaka kwenye kihenge cha mahindi, wasipate hata ganda la kidonge. Wakati huo Letisia, mke wa Yoakimu, alikuwa akipita na kurudi na chai, na Judica akaona kwamba mwanamke yule anakanyaga kwa ukingo wa mguu wa kulia. Juu ya kandambili, ngozi ilikuwa nyekundu na imekunjamana.

"Mama, umeumia?"

"Maji ya moto, afande. Birika liliniponyoka."

"Lini?"

"Mwezi wa tatu."

"Nani alikuwa anakufunga bandeji?"

Letisia alimtazama mumewe. Mumewe aliitazama redio.

"Niliifunga mwenyewe," akasema Letisia.

Alhamisi nne, Judica akajisemea. Hiyo ndiyo siri Natalia anayoilalia kule kituoni, ya mguu wa mwanamke. Lakini kwa nini mtu afiche kuungua? Birika huwaponyoka watu kila siku. Alitaka kusema, *Mnanidanganya wote, mnanidanganya kwa adabu na kwa shikamoo, na chai mnanipa,* lakini alikunywa chai, kwa sababu ilikuwa ya maziwa na yeye hakuwa amekula tangu asubuhi.

Alipoweka kikombe chini macho yake yakaangukia vikaratasi. Endasak. Endasak. Tlawi. Endasak. Endasak.

"Redio nne kati ya saba zimetoka Endasak. Kule Hanang, chini ya mteremko. Katesh iko jirani nao, haina mafundi?"

"Mafundi wapo. Hawa ni watu wa dada yangu Oliva. Ana duka kule."

"Duka la nini?"

"La vitu vidogo vidogo."

Judica aliaga. Kwenye gari Didas aliwasha injini akauliza, "Kituoni, afande?"

"Endasak."

"Leo? Afande, ule mteremko wa Dareda na matope haya..."

"Sajenti, kama kuna mtu mwingine anataka kunieleza leo kwa nini jambo haliwezekani, apange foleni nyuma yako. Endesha."

*

Lile duka la vitu vidogo vidogo lilikuwa na kibao cha kijani: *Duka la Dawa Muhimu.* Judica alikisoma mara mbili ili hasira yake ipate pa kukaa. Nyuma ya kaunta alisimama mwanamke wa miaka hamsini hivi mwenye koti jeupe na pua ile ile ya Yoakimu.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, karibu."

"Nataka ile dawa ya kunenepa."

Oliva alimwangalia toka kichwani hadi viatuni. "Mwanangu, wewe huihitaji."

Didas alikohoa kule mlangoni. Judica akatoa kitambulisho, na uso wa Oliva ukabadilika. Mwisho wa kaunta palikuwa na redio ndogo imefungwa kwa kamba, na kikaratasi: *Yoakimu, Tlawi. Haishiki stesheni.* Judica alikata kamba, akafungua kifuniko cha betri. Mahali pa betri nne palikuwa na kifurushi cha gazeti, na ndani ya gazeti pakiti mbili za vidonge. Alisoma maandishi ya nyuma ya pakiti kwa sauti, silabi moja moja, kama mwalimu wa darasa la pili.

"Si-pro-hep-ta-di-ni. Kweli haitashika stesheni, dada."

Oliva aliketi juu ya katoni. Hakukana, na Judica akamhesabia wema huo, kwa kuwa alikuwa mtu wa kwanza katika siku kumi asiyekana lolote.

"Aliniambia daktari anajua."

"Ilianzaje?"

"Pasaka nilikwenda kuwasalimia. Nikamkuta amekonda, macho yamezama. Nikamwachia vidonge vya hamu ya kula, ale. Kesho yake akanipigia simu, analia. Nikashtuka, nikadhani kuna msiba. Akasema, 'Dada, nimelala. Nimelala usiku kucha, miguu imetulia.' Basi nikaendelea kumpelekea."

"Ndani ya redio?"

"Alisema Letisia hapendi dawa za madukani."

"Na wewe mwenye duka, mwenye cheti ukutani, ukaona ni jambo la kawaida dawa kusafiri ndani ya redio! Hukumuuliza Letisia? Hukumpigia daktari?"

Oliva aliinua uso. "Afande, ndugu yako aliyevunjika mgongo, hajalala miaka minne, akikwambia amelala, wewe ungemuuliza maswali?"

Judica alifungua daftari. Aliandika maelezo kurasa mbili, akamsomea, akampa atie sahihi, akachukua redio kama kielelezo. Wakati anatoka, Oliva aliuliza kwa sauti ndogo kama ni kweli zile dawa ndizo zilizomlaza miguu. Judica akamwambia ni kweli. Oliva alivua koti lake jeupe, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya kaunta, akabaki amelishika.

*

Asubuhi iliyofuata Judica aliiweka ile redio mbele ya Yoakimu, kifuniko cha betri kikiwa wazi.

Fundi aliitazama. Didas alikuwa amesimama mlangoni na daftari. Letisia alikuwa uani akichambua maharage.

"Siku kumi na moja," alisema Judica. "Nimekwama kwenye matope, nimepeleka vidonge Arusha, nimelumbana na daktari juu ya panya. Mara tatu nimekaa kwenye kigoda hiki nikakuuliza, Yoakimu, kuna dawa nyingine unayotumia? Mara tatu ukasema hakuna, na mara moja ukaweka sahihi. Jibu lilikuwa limekaa mbele yangu linatengeneza redio. Sasa sema, na useme yote, maana leo sina nguvu ya kuvuta neno moja moja."

Yoakimu aliweka chini bisibisi.

"Afande, watu waliziona zile hatua kumi na moja. Usiku hakuna aliyeuona. Fomu ya daktari nilijaza saba kwa sababu niliona haya. Sikuweza kuhesabu. Nikilala, miguu inaamka. Inarusha blanketi, inapiga ukuta, inanitupa chini. Mchana nikishika chuma cha kulehemu, goti linaruka, nimeunguza redio za watu. Nilivumilia. Kila Jumapili wananiita Lazaro, na wengine kumi na mmoja kule Tumati wananitazama mimi. Ningesemaje kwamba nimechoka kufufuka?"

"Na birika?"

Kule uani, mlio wa maharage kwenye ungo ulikoma.

"Nilikuwa nimekaa karibu na jiko. Letisia anaepua. Mguu wangu ukaruka." Alilipiga paja kwa ngumi, na paja halikujibu. "Sikuutuma. Maji yote yakamwagikia mguuni kwake. Ngozi ilitoka na soksi, afande. Akaniomba tuseme limemponyoka. Akamwomba Nesi aje kumfunga hapa hapa nyumbani, asimwambie daktari, kwa kuwa daktari akijua angenitoa kwenye utafiti. Mke wangu alitaka nitembee kuliko nilivyotaka mimi. Pasaka ikaja, dada akanipa vile vidonge. Usiku huo miguu ikatulia. Baada ya wiki nikajua kwamba na kusimama kunakwenda. Nilijua, afande. Mimi ni fundi. Ukikata waya mmoja, kelele na muziki vinakatika pamoja. Nikachagua."

Letisia alikuwa amefika mlangoni, ungo ungali mkononi. Didas akampisha.

"Ulipiga hatua kumi na moja," akasema.

"Nilizipiga. Na wewe ukaungua."

"Ngozi ilikuwa yangu, Yoakimu." Hakupandisha sauti. "Ilikuwa yangu. Ungeniuliza."

Judica aliwapa muda, akihesabu kimoyomoyo mpaka ishirini, kisha akauliza lile alilokuwa amelibeba tangu Endasak.

"Jumapili, Natalia alipopigwa mawe, ulikuwa wapi?"

"Hapa."

"Ulisikia?"

"Nilisikia. Ni hapo chini tu."

"Ukafanya nini?"

Yoakimu alijaribu kumtazama, akashindwa. "Nikaongeza sauti ya redio."

Judica aliweka kalamu chini. Alikuwa amekutana na wezi wa ng'ombe, wauza gongo, hata muuaji mmoja kule Hanang aliyekuwa na adabu nyingi, na hakuna aliyempandisha hasira namna hii, kwa sababu hawa wote walikuwa watu wema. Kila mmoja alikuwa amemfichia mwenzake kitu kwa upendo, na mawe yakaishia kwenye mlango wa mgeni. Akatafuta kifungu cha sheria kichwani. Hakuna sheria inayomkataza mtu kumeza vidonge vyake mwenyewe. Kudanganya polisi kwa maandishi, hilo lipo. Alijua mkuu wake angemwambia nini: mtu wa kiti mwendo, Lazaro wa kigango, faini ya nini, funga jalada.

"Vaa koti," akasema. "Twende."

"Unanikamata?"

"Ningependa. Lakini utakwenda kwa Natalia, useme haya haya, mbele yangu, na Sajenti ataandika. Yale mawe yalirushwa na watu gani, unawajua?"

"Nawajua."

"Na hayo yataandikwa."

Letisia aliweka ungo chini. "Na mimi nakuja. Yule dada alinifunga mguu Alhamisi nne, hakuchukua hata yai."

Njiani, Daktari Cyprian alipiga simu. Alikuwa amepokea ujumbe wa Judica tangu jana na hakulala. Sasa alitaka kujua kama mgonjwa, dawa ile ikisimamishwa taratibu, angeweza kurejea kwenye mazoezi. Data zake zilikuwa nzuri sana. Judica akaiweka simu kwenye sauti ya wazi, akainyoosha nyuma.

"Muulize mwenye miguu."

"Daktari," akasema Yoakimu, "ipo dawa ya kunisimamisha bila mateke?"

Gari likaruka mashimo mawili.

"Bado," akasema daktari. "Watu wanaitafuta. Mimi sinayo."

"Basi nitakuja tuzungumze. Siahidi zaidi. Na safari hii mke wangu atakaa ndani ya chumba, siyo kwenye benchi la nje."

"Sawa," alisema daktari, na kwa mara ya kwanza tangu Judica amfahamu, hakuongeza maelezo.

*

Natalia alitokea kwenye baraza la kituo akiwa amejifunga lile shuka. Alisikiliza akiwa amesimama. Yoakimu alisema yote, mpaka lile la kuongeza sauti ya redio, ingawa hapo alisimama mara mbili. Alipomaliza, akasema, "Nesi, nisamehe."

"Umekuwa unameza vingapi kwa siku?"

"Viwili. Wakati mwingine vitatu."

"Usiviache ghafla mpaka uonane na daktari. Umesikia?"

"Nimesikia. Nesi, nimekuomba..."

"Na mimi nimekusikia, Yoakimu," akasema Natalia. "Leo nimekusikia tu."

Didas aliandika na hilo, kisha akatazama karatasi kana kwamba halikai sawa kwenye fomu. Akajikohoza. "Dada Natalia, mimi nilisema maneno pale senta..."

"Najua. Yalifika mpaka ndani."

Judica akamtangazia yuko huru, akampa barua yenye muhuri inayosema hivyo, na kwa kuwa alijiona hajampa kitu cha maana akasema gari litampeleka mpaka mlangoni kwake. Palikuwa mwendo wa dakika kumi tu, lakini njia ilipita katikati ya senta, mbele ya maduka, mbele ya mafundi cherehani na vijana wa bodaboda, na ilikuwa saa tano, watu wote wako nje.

"Hapana, afande. Nitatembea. Nataka wanione."

Alikunja shuka, akalikabidhi kwa Didas, akatwaa mkoba wake, akashuka ngazi. Letisia hakuuliza mtu. Alishuka nyuma yake akichechemea, akamfikia, wakaenda bega kwa bega. Pale senta mtu mmoja alisimama, kisha wa pili. Cherehani moja ikanyamaza.

Yoakimu alishika magurudumu akajisukuma kuwafuata. Kiti kilikwama kwenye tope kabla ya hatua ya kumi. Didas akaruka kwenda kusukuma.

"Mwache," akasema Judica.

"Afande, amekwama."

"Naona. Mwache kwanza."

Yoakimu alirudi nyuma kidogo, akakata kona, akajaribu pembeni penye changarawe. Akasonga. Mbele kule, Natalia hakugeuka kuangalia. Ila walipoanza kupanda kuelekea madukani alipunguza mwendo, kwa sababu ya mguu wa Letisia, na hivyo, taratibu, kile kiti kikaanza kuwakaribia.